Mama Ghorofa na Sifa Zilizofutwa

Mama Ghorofa hakuwa na ghorofa. Aliishi nyumba ya chini, vyumba vitatu na kibaraza, na ukimshauri ahamie juu alikujibu kwamba juu keshakwenda sana kikazi, nyumbani anataka kukanyaga ardhi. Jina hilo alipewa na mafundi, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupandisha watu na kuwashusha salama. Alikuwa mkuu wa kazi katika karakana ya lifti, ile yenye geti la bluu na mashine ya kuchomelea inayoanza kelele saa mbili asubuhi. Mwanamke mfupi, mwili wa kutosha, na sauti iliyoweza kumwita mtu aliye ghorofa ya saba bila msaada wa simu.

Alikuwa na ugonjwa mmoja, nami nauita ugonjwa kwa mapenzi tu: hakuweza kuona kazi nzuri akanyamaza. Tumeambiwa tangu zamani kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye alibisha. Alisema yeye akimsifu mgema wake leo, kesho analetewa vibuyu viwili, na mwenye mgema wa kutia maji akatafute mwingine.

Na sifa hizo aliziandika kwa chaki, mahali ambapo usingedhani. Kila lifti aliyoihudumia ilikuwa na chumba chake cha mashine juu ya paa, mlimo na mota na kamba za chuma zinazovuta kile kichumba cha abiria. Haingii mtu humo ila fundi na mkaguzi. Basi lifti ikishapita ukaguzi, Mama Ghorofa alitoa chaki mfukoni mwa koti lake la kazi akaandika ukutani tarehe, jina la utani la fundi, na sentensi moja. Milango, yule dada mrefu anayerekebisha milango, aliandikiwa: "Milango yake inafunga kwa adabu, haibani hata uzi." Kaka Waya aliandikiwa kwamba nyaya zake hata kipofu anaweza kuzifuata. Na Sikio, fundi wa mota, mtu mkimya kupita kiasi, ambaye huweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma ili asikie zile gololi za chuma zinazozunguka ndani, yaani beringi, zina hali gani, aliandikiwa maneno ambayo karakana nzima iliyajua kwa moyo: "Huyu huisikia beringi ikikohoa kabla haijaugua."

Fundi akipanda paa la jengo geni alikuta sifa ya mwenzake ukutani, akatabasamu, akajua wa kumuuliza akikwama. Ili usome ulihitaji ufunguo na miguu. Ulinzi ulikuwa huo tu, na kwa miaka yote hiyo ulitosha.

Kisha akaja mdogo wake na simu. Huyu mdogo mtu alikuwa karani wa mapokezi katika ofisi ya mawakili, mahali pa zulia na kiyoyozi, na alimwonea dada yake huruma kwa grisi iliyomkaa kwenye kucha.

"Dada, bado unaandika kwenye kuta kama mtoto wa chekechea?" alimwambia Jumapili moja, wamekaa kibarazani. "Huku kuna mtandao wa watu wa kazi tupu. Unaweka picha, unaweka kazi yako, unajiunga na wenzako, na kila mmoja unaweza kumwandikia sifa zake. Inakaa kwenye ukurasa wake, dunia nzima inasoma."

"Naweza kumsifu yeyote?"

"Yeyote mliyeunganishwa naye."

Hapo ndipo habari yake ilipokwisha. Kwa wiki mbili Mama Ghorofa alikuwa na furaha ya bibi harusi. Alijiunga na mafundi wake wote, na wale aliowafunza wakaenda zao, na wale aliokutana nao mara moja tu juu ya paa, mpaka wakafika mia na kitu. Akaandika sifa arobaini na tatu. Nyingine zilikuwa zilezile za ukutani, alizikumbuka neno kwa neno. Kila asubuhi alifungua simu kabla ya kunawa uso, aone nani amefurahi, na alicheka peke yake jikoni mpaka mumewe akauliza kama kuna mtu humo.

Akajitokeza bwana mmoja. Jina lake halitusaidii kitu. Pichani alivaa tai nyekundu na alikuwa na meno mengi, basi tumwite Bwana Tai. Chini ya jina aliandika kwamba kazi yake ni kuunganisha vipaji na fursa. Akamtumia Mama Ghorofa ujumbe: "Mama, nimesoma ulivyowaandika watu wako. Nimeguswa sana. Naomba tuunganishwe."

Nani asiyependa kusomwa? Mama Ghorofa alibonyeza kukubali kwa kidole kilichojaa ukarimu, akajibu, "Karibu sana mwanangu." Alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, naye akajiona anang'aa.

Wakati huohuo karakana ilipata kazi ambayo aliiota kwa miaka. Hospitali ya uzazi, jengo la ghorofa sita, lifti yake ilikuwa imekufa wiki tatu. Chumba cha upasuaji kilikuwa ghorofa ya tano, na wajawazito walipandishwa kwa machela kwenye ngazi, watu wanne wanabeba, wa tano anapiga kelele kila kona ili watu wapishe. Mafundi wa Mama Ghorofa walikuwa wamefufua karibu kila kitu. Mkaguzi angekuja Alhamisi saa nne asubuhi. Lifti ikipita, ianze kazi palepale. Isipopita, hospitali ingeitoa kazi hiyo kwa kampuni kubwa ya kule kwenye jengo la vioo, ambayo ilishasema itahitaji miezi miwili. Miezi miwili ya machela! Mama Ghorofa hakutaka hata kuifikiria.

Lilibaki tatizo moja. Lifti ikipita kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, ilitoa mngurumo mdogo na kutetemeka, na hakuna aliyejua unatoka wapi. Hiyo ilikuwa kazi ya Sikio.

Jumatatu asubuhi Kaka Waya aliingia karakanani na karatasi iliyokunjwa. "Mama, nimeitwa kazi kule kwenye vioo. Wananitaka kesho."

Moyo ulimshuka, lakini alimkumbatia. Kazi ya waya ilikuwa imekwisha, na mtu akipata riziki humnunii. "Hongera mwanangu. Wamekujuaje?"

"Sijui! Sikia walivyoniandikia." Kaka Waya akasoma kwa fahari: "Tumevutiwa na umahiri wako, kwani hata kipofu anaweza kufuata nyaya zako."

Mama Ghorofa akamwomba aisome tena. Alijua sentensi hiyo imezaliwa wapi.

Jumanne Milango alimpigia simu. "Mama, kuna mtu ananisumbua, anatafutia watu kampuni ya vioo. Anasema amesikia milango yangu ina adabu. Nimemwambia nitafikiri. Wewe ndiye uliyemtuma?"

"Ana tai?"

"Nyekundu."

Hakuaga mtu. Alitoka na koti lake la kazi lenye grisi, akavuka mji, akaingia ofisi ya mawakili akapita katikati ya wateja waliokaa kimya kwenye viti vya ngozi, mpaka mezani kwa mdogo wake. "Nifungie hiki kitu!" alisema, na sauti ile ya ghorofa ya saba ikawainua mawakili wawili kutoka vyumbani mwao.

Mdogo wake alimvuta nyuma ya kabati la mafaili, akaichukua simu, akabonyeza hapa na pale. "Dada! Orodha yako iko wazi."

"Wazi vipi?"

"Ukimkubali mtu, anaona kila uliyejiunga naye. Huyu bwana wa tai ndiyo kazi yake, anaokota watu kwenye orodha za wenzake. Na wewe hukumpa orodha tu, umemwandikia na nani anajua nini."

"Nilidhani amekuja kuniona mimi."

"Kizuri chajiuza, dada, lakini wewe umekiwekea mpaka bango."

Walifanya kazi haraka, vichwa vimegusana. Kwanza orodha: kulikuwa na mahali pa kuchagua nani aione, wakachagua aione yeye mwenyewe tu. Mama Ghorofa hakuamini kwamba kufuli lilikuwepo siku zote, limekaa linamsubiri. Kisha wakamwondoa Bwana Tai, na hilo lilimpa raha ya kung'oa mwiba. Zikabaki sifa. Hizo zilikuwa kwenye kurasa za mafundi wenyewe, na yeyote apitaye angezisoma.

"Mwandishi ni wewe, unaweza kuziondoa," alisema mdogo wake. "Ila labda ungewaambia kwanza..."

"Nikiwaambia mmoja mmoja, Alhamisi itafika sina hata wa kushika tochi. Futa!"

Akafuta mwenyewe, arobaini na tatu. Kwenye ya Sikio kidole kilisita kidogo, kisha kikabonyeza. Alipotoka nje jua lilikuwa kali na yeye alitembea kifua mbele. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na leo nimeikung'uta nguo! Alikuwa na hamu ya kumsimulia kila aliyekutana naye.

Jumatano simu ilianza kabla ya chai. "Mama, nimekukosea nini?" Akakata, ikaita tena. "Mama, nimeona umeniondoa, ni ile spana niliyopoteza?" Mmoja aliyefunzwa naye miaka tisa iliyopita alilia kabisa, mtu mzima na ndevu zake. Mwingine aliuliza kama mama anaumwa, maana alisikia watu wakikaribia kufa hupunguza mambo yao. Mama Ghorofa alieleza, akaeleza, akabadilisha sikio, akaeleza. Maji yalikuwa yamemwagika, naye alikuwa anayazoa kwa kijiko. Milango alipiga, akaelezwa, akasonya, akasema anakwenda hospitali kukaza bawaba na huyo bwana wa tai amsubiri sana.

Saa tatu akagundua kwamba katika wote, mmoja hakupiga. Akaenda kwenye misumari ya kutundikia ovaroli. Ya Sikio haikuwepo. Akampigia, simu ikaita mpaka ikachoka.

Mtu mwingine angetuma mtu. Yeye alikimbia. Hospitalini aliingia ngazi bila kupumzika, na kati ya ghorofa ya pili na ya tatu akakutana na machela inapanda, mwanamke juu yake ameuma shuka. Mama Ghorofa alijibana ukutani kuwapisha.

"Mama," muuguzi wa mbele alimwuliza huku anahema, "kesho? Kweli kesho?"

"Kesho," alisema, akaendelea kupanda.

Sikio alikuwa juu, kwenye kizingiti cha chumba cha mashine, amekaa. Amevaa shati safi. Ovaroli imekunjwa juu ya sanduku la vyombo, na sanduku limefungwa.

"Nimekuja kuchukua vyombo vyangu," alisema. "Umenifuta."

"Sikio, ngoja nikueleze."

"Ngoja nami." Sikio akisema ngoja, ungengoja, alikuwa na maneno machache na aliyatoa yote kwa mkupuo. Akampa simu. Ulikuwa ujumbe wa Bwana Tai, wa wiki iliyopita: "Tunatafuta mtu anayeisikia beringi ikikohoa kabla haijaugua."

"Nilicheka," alisema Sikio. "Nikasema huyu hajui beringi ni mnyama gani. Maneno ni yako, sahihi ni ya mtu mwingine. Sikumjibu. Jana jioni nikafungua nimsomee mzee wangu. Haoni vizuri siku hizi, na ile sifa anapenda kuisikia, ananiambia soma tena. Nikafungua, hamna. Nikamdanganya mzee kwamba mtandao unasumbua. Halafu nikamjibu yule bwana, ndiyo. Kesho saa nne."

Kesho saa nne! Mama Ghorofa alitafuta pa kukaa akakaa chini, kwenye saruji, na koti lake. Alikuwa amefunga mlango ili mtu huyu asiibiwe, na ni mlango huo uliomsukuma nje. Aliona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Akamweleza yote, tangu kibarazani mpaka nyuma ya kabati la mafaili, na hakujipendelea.

Sikio alisikiliza, kama kawaida yake. "Ungeniuliza," alisema mwishoni. "Ungesema, Sikio, kuna mtu anatumia maneno yangu, nikufiche? Ningesema nifiche. Au labda ningesema niache. Lakini nisingedhani umenikataa."

"Nimekosa," alisema Mama Ghorofa. "Nimekosa, Sikio. Na ukitaka kwenda, nenda. Kule kuna mashine mpya, kuna bima. Nitakuandikia barua kwa mkono wangu na kila neno litakuwa kweli. Sina haki ya kukufungia."

Chini yao, mbali, muuguzi alipiga kelele ya kona. Wote wawili waliisikia.

"Chaki unayo?" aliuliza Sikio.

"Siku zote."

"Basi niandike. Lakini si yale. Yale yameshapita mdomoni mwa mtu. Niandike mapya."

Mama Ghorofa akaingia chumba cha mashine. Mkono uliozoea kusifu kwa haraka ulikaa ukutani muda mrefu. Akaandika tarehe, akaandika Sikio, kisha: "Nilimfuta bila kumuuliza. Nimekosa."

Sikio akasoma. Akaichukua chaki mkononi mwake, yeye ambaye hajawahi kuandika kitu kwenye ukuta wowote, na mwisho wa maneno yale akaongeza neno moja: "Akabaki."

Kisha akavaa ovaroli juu ya shati safi. Kabla ya kufungua sanduku aliandika "hapana" kwenye simu, akaituma kwa Bwana Tai, akaizima.

Basi kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya raha! Walipanda juu ya kichumba cha lifti, Milango akakiendesha polepole kutoka ndani, Sikio amelala kifudifudi na bisibisi sikioni. Tatu. Tatu na nusu. "Simama!" Hakuna. "Shusha. Panda tena." Mama Ghorofa alishika tochi kwa mikono miwili na kuzuia pumzi. Mara ya tano Sikio alitabasamu, akanyoosha kidole kwenye rola ndogo ya pembeni, ile inayokiongoza kichumba kwenye reli. Beringi yake ilikuwa imeanza kukohoa. Wakabadilisha. Waya mmoja wa mlango ukaleta ubishi, wakampigia Kaka Waya, naye akawaelekeza kwa kunong'ona kutoka chooni kwa mwajiri wake mpya. Saa kumi lifti ilipita kati ya tatu na nne kimya kabisa. Milango aliweka glasi ya maji sakafuni, na maji hayakutikisika.

Kabla hawajaondoka, Mama Ghorofa alikaa kwenye ngazi za hospitali akaandika ujumbe kwa wale arobaini na wawili, mmoja mmoja: "Nilikuficha bila kukuuliza. Nisamehe. Unataka nikuache ulipo, au niirudishe sifa yako hadharani?" Wengi wakasema waachwe. Wachache walitaka sifa zao, wakarudishiwa palepale. Wawili walisema warudishiwe, wanataka kuwindwa kidogo waone inakuwaje.

Alhamisi saa nne mkaguzi alikuja na mifuko ya mchanga ya kupimia uzito na uso usiosema kitu. Alipanda, akashuka, akapakia, akakata umeme ghafla lifti ikiwa njiani, breki zikaishika papo hapo. Akapima, akaandika. Mwisho akapanda chumba cha mashine, akaangalia mota, akaangalia kamba, akatia sahihi juu ya goti lake. Imepita! Milango alimrukia Mama Ghorofa shingoni, na chini, ghorofa kwa ghorofa, wauguzi wakapokezana habari kwa vigelegele.

Ndipo mkaguzi akauona ukuta. Akasoma, akasogea, akasoma tena.

"Huyu aliyefutwa akabaki," alisema, "ndiye aliyenyamazisha ule mngurumo mlionieleza? Nina rafiki ana jengo la ghorofa kumi na mbili, anatafuta mtu wa namna hii kwa udi na uvumba. Mama, hebu nipe namba yake."

Mdomo wa Mama Ghorofa ulifunguka. Sifa zilikuwa zimejaa humo, na namba aliijua kwa kichwa. Akaufunga.

"Ngoja nimuulize mwenyewe," alisema, akageuka. "Sikio! Kuna mtu anataka namba yako. Nimpe?"

Sikio alikuwa ameinama kwenye mota, mpini wa bisibisi sikioni, na akainua kidole kimoja kuwaomba wasubiri. Chini mtu alikuwa amebonyeza kitufe. Kamba zikakaza, mota ikavuta, machela ya kwanza ikaanza kupanda. Na Mama Ghorofa, kwa mara ya kwanza tangu wamjue, aliona kazi nzuri akanyamaza, akasubiri jibu.